Heko Embakasi kwa Miaka 70 ya Kulinda Anga Letu

Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, kilichoko Embakasi, kimevuka miaka 70. Kilianzishwa mwaka 1954 kuandaa waongozaji wa ndege, mafundi wa mitambo ya anga na maafisa wa mawasiliano. Umri huo ni wa heshima, na wakazi wa Eastlands tuna kila sababu ya kuuadhimisha kwa fahari.

Chuo hiki ni jirani yetu. Anayesimama juu ya paa la ghorofa hapa mtaani Tena, au kule Umoja na Donholm, huziona ndege zinazoingia na kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta mchana na usiku. Mngurumo wake tumeuzoea kama tulivyozoea matatu za Barabara ya Outer Ring.

Nyuma ya kila ndege kati ya hizo yuko mtu asiyeonekana. Ameketi mbele ya skrini, anafuata alama ndogo inayosogea, anazungumza na rubani asiyemfahamu kwa sura. Abiria hushuka, huchukua mizigo na kwenda zake bila kulijua jina lake. Hiyo ndiyo huduma tunayoipongeza leo.

Msimamo wa tahariri hii ni mmoja. Rada ni mali ya umma, na thamani yake yote imo katika akili ya anayeisoma. Nchi inayonunua mitambo bila kuwalea wasomaji wake imenunua chuma. Embakasi imewalea wasomaji hao kwa miongo saba.

Tuitazame safari hiyo ilikotoka.

Rada ilifika Kenya kwa njia ya vita. Februari 26, 1935, Robert Watson-Watt na wenzake walithibitisha karibu na Daventry, Uingereza, kwamba mawimbi ya redio yanayogonga ndege hurudi na yanaweza kunaswa. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1940, wanasayansi wa Afrika Kusini wakiongozwa na Basil Schonland walileta pwani yetu mtambo walioubuni wenyewe Johannesburg. Waliusimika Mambrui, kaskazini ya Malindi, ili kuzinasa mapema ndege za kivita za Italia. Mji mdogo wa Waswahili ukawa miongoni mwa maeneo ya kwanza barani Afrika kulindwa kwa rada.

Vita vilipokwisha, ujuzi huo uligeuzwa kuwa wa kuokoa maisha. Juni 30, 1956, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, zikaua watu wote 128. Marubani wake walikuwa wakitegemea macho yao kuonana. Taifa hilo likaamua kutandaza rada juu ya njia zake za anga, na mwaka 1958 likaunda wakala mmoja wa kuzisimamia. Dunia nzima ilipata funzo kwamba anga ni pana, lakini njia za ndege ni chache na hukutana.

Huku kwetu, mwaka ambao chuo cha Embakasi kilizaliwa ulikuwa mchungu. Aprili 24, 1954, serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika jijini Nairobi ilizingirwa, maelfu ya wakazi wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Uwanja wa Embakasi wenyewe, ambao ndio Jomo Kenyatta wa leo, uliofunguliwa mwaka 1958 na Gavana Evelyn Baring, ulijengwa kwa jasho la wafungwa na mahabusu wa enzi hiyo ya Mau Mau.

Tunaitaja historia hii kwa sababu heshima ya taasisi hukamilika pale inapokumbuka waliolipa gharama. Udongo ambao ndege hutua juu yake ulichimbwa na baba na babu zetu wakiwa chini ya ulinzi wa bunduki. Leo viti vya kuongoza ndege vinakaliwa na Wakenya, na mafunzo yao hutolewa pale pale Embakasi. Hayo ni mageuzi makubwa, nayo hayakuletwa na siku moja.

Miaka ya mwanzo, huduma za anga za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ikaurithi utaratibu huo. Mwaka 1971 chuo cha marubani kilianzishwa Soroti, Uganda, na Embakasi ikaendelea kuwafunza walio ardhini. Rubani na mwongozaji wake waliweza kuandaliwa ndani ya nyumba moja ya kanda.

Mwaka 1977 nyumba hiyo ilivunjika. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa, na kila nchi ikachukua kilicho chake. Chuo kilibaki Kenya, lakini hakikuliacha jina la Afrika Mashariki. Kililibeba katika miaka ambayo wengi hawakutaka hata kulisikia, na kimelifikisha salama katika zama za Jumuiya mpya.

Umuhimu wa kazi inayofundishwa hapo ulikuwa tayari umeonekana kwa namna ya kutisha. Septemba 3, 1974, ndege ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikishuka kuelekea Embakasi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia futi 5,000, ilhali uwanja wetu uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Waliielekeza ndege chini ya ardhi bila kujua. Walipotoka mawinguni na kuona nyika, walipaa upya wakiwa wamebakiwa na futi 70 hivi tu.

Kosa la kusikia tarakimu lilikaribia kuleta msiba mkubwa. Mwongozaji wa zama zile alitegemea masikio. Mwongozaji wa leo ana rada inayomwonyesha urefu wa ndege, na mitambo ya kisasa huweza kumpigia kengele ndege inaposhuka kupita kiasi. Umbali kati ya hali hizi mbili ndio unaopima maendeleo ya rada katika maisha ya abiria.

Inafaa kila raia aelewe jinsi maendeleo hayo yanavyofanya kazi. Rada ya msingi hurusha wimbi la redio, wimbi hugonga mwili wa ndege na kurudi. Kwa kuwa husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, wimbi huifikia ndege iliyo umbali wa kilomita 90 na kurejea katika muda usiofikia elfu moja ya sekunde. Antena inayozunguka hutoa upande ndege iliko, muda wa kurudi hutoa umbali.

Rada ya pili huenda mbele zaidi, kwani huiuliza ndege swali. Kifaa kilichomo ndani yake, transponda, hujibu kwa nambari ya tarakimu nne na urefu inaoruka. Rubani aliye hatarini huweka 7700. Aliyepoteza redio huweka 7600. Aliyetekwa huweka 7500. Bila kutamka neno, taarifa huwa imefika.

Dunia iliona gharama ya kukosa rada hii ya pili Novemba 12, 1996, ndege mbili zilipogongana karibu na Charkhi Dadri, India, zikaua watu 349. Rada ya Delhi wakati huo iliweza kuonyesha ndege ziliko, lakini haikuonyesha urefu wake. Hakuna mgongano wa angani ulioua watu wengi kuliko huo.

Rada pia hupanua anga. Pasipo rada, ndege mbili zinazofuatana katika njia moja hutenganishwa kwa muda, mara nyingi dakika 10. Kwa mwendo wa ndege kubwa, hizo ni takriban kilomita 150. Penye rada nzuri, nafasi hiyo hupungua hadi maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na kidogo. Nchi yenye rada na wasomaji hodari hupitisha ndege nyingi zaidi, kwa mafuta machache zaidi na kwa usalama mkubwa zaidi.

Kenya imefanya uwekezaji huo. Mbali na mitambo ya uwanja wa Jomo Kenyatta, rada zimesimikwa katika vilima vya Mua, Machakos, na Poror katika Bonde la Ufa, mahali ambapo milima haizibi macho ya antena. Hilo si jambo dogo barani. Katika sehemu kubwa za anga la Afrika, kama vile Kongo, marubani bado hujitangazia wenyewe walipo kupitia masafa ya 126.9, wakitumaini kwamba aliye karibu anasikiliza.

Oktoba 2002 iliundwa Mamlaka ya Safari za Ndege Nchini, KCAA, na chuo kikawekwa chini yake. Mfundishaji na mwajiri wakawa chini ya paa moja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nalo limekitambua kuwa miongoni mwa vituo vya kanda vya mafunzo ya hali ya juu.

Matunda yameonekana. Februari 2017, Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ikaruka moja kwa moja hadi New York. Wengi walishangilia ndege na marubani. Ni haki washangiliwe pia wakaguzi, mafundi na waongozaji waliofanya daraja hilo lipatikane.

Nairobi haikujitumikia peke yake. Somalia ilipopoteza serikali, anga lake halikuachwa yatima. Kuanzia mwaka 1996, chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, taarifa za ndege zinazopita juu ya nchi hiyo zilitolewa kutoka jijini mwetu. Desemba 2017 kazi hiyo ilirejeshwa Mogadishu. Ujirani mwema hupimwa kwa vitendo vya namna hii.

Majaribu hayakukosekana nyumbani. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza jengo la abiria la kimataifa pale Jomo Kenyatta. Ndege zilizokuwa tayari angani zilielekezwa Mombasa, Eldoret na kwingineko, zikatua salama. Machi 2020, janga la korona lilisimamisha safari za kimataifa za abiria hadi Agosti 1. Ndege za mizigo na za dawa ziliendelea kuruka, na waongozaji wake waliendelea kuingia zamu.

Basi chuo hiki kimestahili sherehe yake. Lakini sherehe ya taasisi ya umma huambatana na deni, na miaka ijayo ina madai mazito.

Dai la kwanza ni usalama wa anga la Nairobi lenyewe. Machi 5, 2024, ndege ya abiria iliyotoka Uwanja wa Wilson kuelekea Diani na ndege ndogo ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mkufunzi na mwanafunzi wake walifariki. Watu 44 waliokuwa katika ndege kubwa walirudi Wilson wakiwa hai. Jiji moja lina uwanja wa kimataifa, uwanja wa ndege ndogo wenye shughuli nyingi na kambi ya jeshi la anga pale Eastleigh. Anga la aina hii linahitaji rada inayoona kila chombo, hata kidogo na hata kinachoruka chini, pamoja na taratibu zinazofuatwa na wote.

Dai la pili ni watu. Usiku wa Julai 1, 2002, ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, watu 71 wakafa. Rada ilikuwepo. Lakini mwongozaji alikuwa peke yake akihudumia skrini mbili, na mtambo wa kutoa onyo haukuwa ukifanya kazi kikamilifu kwa sababu ya matengenezo. Funzo lake linatuhusu. Zamu zijazwe, saa za kupumzika ziheshimiwe, na ajira za waongozaji zisicheleweshwe kwa hesabu za kubana matumizi. Jicho lililochoka halisomi rada.

Dai la tatu ni uadilifu. Ndugu zetu wa Tanzania wanaijua vyema hadithi ya rada iliyonunuliwa kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, mkataba uliolalamikiwa ndani na nje kwa bei yake. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali makosa ya kihasibu, na baadaye pauni milioni 29.5 zikarejeshwa kwa wananchi. Watanzania wakaziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Kisha nchi hiyo ikasimika rada nne mpya kwa ajili ya viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kenya ina wajibu wa kujifunza bila kulipa karo hiyo. Kila zabuni ya mitambo ya anga iwe wazi, na wataalamu waliofunzwa Embakasi wawe mezani tangu mwanzo, kwani wao ndio wajuao kinachohitajika na kinachouzwa kwa mbwembwe.

Dai la nne ni teknolojia mpya. Ulimwengu unahamia kwenye mifumo ambayo ndege hujitangazia mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti. Ni ya gharama nafuu, na itafaa sana kaskazini mwa nchi na juu ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni mawimbi ya setilaiti yamevurugwa mara nyingi, hasa Mashariki ya Kati na mashariki mwa Bahari ya Kati. Nchi yenye busara huupokea mfumo mpya na kuitunza rada yake. Chuo kifundishe yote mawili kwa uzito sawa.

Dai la tano linatuelekea sisi wakazi. Ghorofa zinaota Eastlands kila mwezi, na sheria hutaka majengo yaliyo karibu na viwanja na njia za ndege yapate idhini ya KCAA kuhusu urefu wake. Mjenzi anayeikwepa idhini hiyo anahatarisha mpangaji wake na abiria aliye juu. Anayerusha droni bila kibali anafanya vivyo hivyo. Nayo serikali ya kaunti itambue kwamba jaa la Dandora linalowavuta korongo na kunguru kwa wingi ni tatizo la afya ardhini na ni hatari angani. Ndege mmoja anayeingia katika injini hawezi kuzuiwa na rada yoyote.

Dai la mwisho ni la vijana wetu. Haitoshi kwamba chuo cha kanda kiko umbali mfupi kutoka Tena ikiwa mtoto wa Tena hajui kwamba kipo, au karo yake humfungia mlango. Tunaitaka KCAA itenge ufadhili kwa wanafunzi wenye uwezo kutoka mitaa inayokizunguka chuo. Tunawataka wakuu wa shule za sekondari za Eastlands wapeleke wanafunzi wao kutembelea chuo hicho, na wasichana wapewe nafasi sawa katika safari hizo. Hisabati, fizikia, Kiingereza fasaha na utulivu wa akili ndio ufunguo wa kazi hii, na vyote hivyo vinapatikana katika madarasa yetu.

Wazazi nao wasaidie. Mtoto anayeuliza jinsi ndege zinavyopishana gizani ajibiwe, ahimizwe, aelekezwe Embakasi.

Kwa wakufunzi wa zamani na wa sasa, kwa mafundi wanaokwea Mua na Poror kuhakikisha antena inazunguka, na kwa waongozaji wanaolala mchana ili sisi tulale usiku, taifa linawashukuru. Mmelinda watu msiowajua, na mmefanya hivyo bila kudai makofi.

Miaka 70 imethibitisha kwamba Afrika Mashariki inaweza kuwaandaa walinzi wa anga lake yenyewe. Serikali iwekeze, KCAA iajiri, wakazi watii sheria, na vijana wa Eastlands waombe nafasi. Chuo cha Embakasi ni chenu. Kitumieni na mkitetee.